Klorini iliyoua samaki wetu inawafanya nini watoto wanaokunywa maji yale yale?

Mama Neema (Kayole)

Wanajukwaa, hamjambo. Nina swali ambalo limenisumbua tangu wiki iliyopita, na ningeshukuru kujibiwa na mtu anayelielewa jambo hili kwa undani, kwa sababu majirani wamenipa majibu yanayopingana.

Tunaishi katika jengo la kupanga ambalo hupata maji ya mfereji kwa mgao. Siku ya mgao maji hupandishwa hadi kwenye tangi lililo juu ya paa, na siku nyingine tunatumia yaliyohifadhiwa humo au tunanunua kwa mitungi ya lita 20 kutoka kwa wachuuzi wa mikokoteni. Kuna siku maji ya mfereji hunuka klorini kwa nguvu, na kuna siku hayanuki kabisa. Binti yangu alikuwa akifuga samaki wadogo katika chombo cha kioo. Jumamosi tuliwabadilishia maji yote kwa yale yaliyoanza kutoka mferejini asubuhi hiyo. Kabla ya jioni samaki walikuwa wakipanda juu wakitwetatweta, kisha wakalala ubavu mmoja baada ya mwingine hadi wote wakafa.

Maji hayo hayo ndiyo tunayokunywa. Nina mtoto wa miezi minane ambaye ameanza uji. Jirani mmoja ananishauri niache kabisa kutia dawa ya maji, kwa kuwa kitu kinachoua samaki hakiwezi kumfaa mtoto. Mwingine ananihimiza niongeze dawa, kwa sababu kipindupindu hakijaisha mjini humu. Naomba kuelezwa: klorini huua vijidudu kwa njia gani, na inakuwaje iwaue vijidudu na samaki lakini imwache binadamu? Je, maji yanaponuka ni ishara kwamba imezidi? Na kipimo sahihi cha mtungi ni kipi?

Mwalimu wa Kemia

Mama Neema, mpe binti yako pole kwa kupoteza samaki wake. Swali lako ni zuri, na jibu lake halimo katika kuamua kama klorini ni sumu au si sumu, bali katika kujua inafika wapi mwilini, kwa kiasi gani, na inakutana na nini njiani.

Klorini inapoyeyuka katika maji haibaki gesi. Huungana na maji na kufanya asidi ya hipoklorasi, na hiyo ndiyo hasa inayoua vijidudu. Dawa ya maji ya chupa, ambayo huwa na hipokloraiti ya sodiamu, huishia kwenye asidi hiyo hiyo inapotiwa majini. Sehemu ya asidi hii hugawanyika na kuacha ioni ya hipokloraiti, na uwiano kati ya hizo mbili huamuliwa na pH ya maji, yaani kipimo cha uasidi wake. Katika pH ya 7.5 huwa nusu kwa nusu, lakini maji yakifikia 8.5 asidi yenyewe hubaki takriban sehemu moja tu kati ya kumi. Tofauti hii si ndogo. Molekuli ya asidi haina chaji, kwa hiyo hupenya utando wa bakteria kwa urahisi, ilhali ioni ina chaji hasi na husukumwa mbali na uso wa seli ambao nao ni hasi. Hiyo ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani linapendekeza pH iwe chini ya 8 wakati wa kutibu maji kwa klorini.

Ikishaingia ndani ya seli, asidi hii hupokonya elektroni kutoka kwa karibu kila kitu inachokigusa. Hushambulia kwanza sehemu za protini zenye salfa, na protini ikishaharibiwa hapo hupoteza umbo lake, hufunguka na kugandamana na nyingine. Vimeng'enya vinavyoipatia bakteria nishati husimama, utando huanza kuvuja, na uharibifu huweza kufika hadi kwenye DNA. Kwa kuwa mashambulizi hutokea mahali pengi kwa wakati mmoja, ni vigumu sana kwa bakteria kujenga usugu wa aina ile tunayoiona kwa dawa za antibiotiki. Hata hivyo hazikosi kujitetea kabisa: bakteria ya E. coli ina protini iitwayo Hsp33 ambayo huamshwa na asidi hii yenyewe, kisha huzishikilia protini nyingine zisigandamane.

Sasa sikiliza jambo ambalo wengi hulistaajabia. Mwili wako na wa mtoto wako hutengeneza asidi hii ya hipoklorasi. Chembe nyeupe za damu ziitwazo neutrofili, zinapommeza mdudu, humwagia asidi hiyo kwa msaada wa kimeng'enya cha mieloperoksidezi. Silaha inayotumika katika tangi la maji ndiyo inayotumika ndani ya chembe hizo, na tofauti ni kwamba mwili huitumia katika nafasi ndogo sana iliyozungushiwa utando.

Turudi kwa samaki. Samaki hanywi tu maji, bali huyapitisha mfululizo kwenye matamvua yake, ambayo yana ngozi nyembamba mno ili oksijeni iweze kuingia katika damu. Klorini huiunguza ngozi hiyo, na samaki hukosa pumzi akiwa ndani ya maji, jambo linaloeleza kule kutwetatweta ulikokuona. Ikiwa klorini imeungana na amonia na kuwa kloramini, huingia hadi katika damu na kuiharibu himoglobini isiweze kubeba oksijeni. Viwango vya Marekani vya kulinda viumbe wa maji baridi vinataka wastani wa klorini kwa muda wa siku nne usizidi miligramu 0.011 kwa lita. Maji ya kunywa yenye miligramu 0.5 kwa lita, ambayo ni salama kabisa kwa mtu, yanazidi kiwango hicho zaidi ya mara arobaini.

Mtoto anapokunywa maji hayo, klorini hukutana na mate, uji na kamasi ya tumbo, na kiasi hicho kidogo huisha nguvu papo hapo na kugeuka kloridi, ambayo ni ile ile iliyomo katika chumvi ya mezani. Haifiki katika damu ikiwa na ukali wake. Ushahidi unaonishawishi zaidi ni wa wagonjwa wa figo. Mgonjwa huyo anaweza kunywa maji ya mfereji bila tatizo la klorini, lakini maji yanayotumika katika mashine ya kusafisha damu, ambayo huzidi lita 100 kwa kikao kimoja, lazima yapitishwe kwanza kwenye kaboni ili klorini na kloramini ziondolewe. Yasipofanyiwa hivyo, chembe nyekundu za damu hupasuka. Maji ni yale yale na mtu ni yule yule, lakini katika mashine hakuna tumbo la kuyapokea kwanza, bali damu hukutana nayo kupitia utando mwembamba tu. Samaki wa binti yako walikuwa katika hali inayokaribia hiyo ya pili.

Mpima Maji

Mwalimu ameeleza vizuri. Mimi hufanya kazi ya kupima sampuli za maji, kwa hiyo nitajibu kuhusu harufu, ambayo huwapotosha watu wengi.

Klorini inapotiwa majini hulipa madeni kwanza. Matope, chuma, majani yaliyooza, amonia na vijidudu vyote huidai, na kinachosalia baada ya kulipa ndicho kinachoendelea kuyalinda maji njiani na nyumbani. Kwa hiyo kipimo kilichotiwa hakikuelezi chochote mpaka ujue kilichosalia. Shirika la Afya Duniani linataka angalau miligramu 0.5 kwa lita zisalie baada ya dakika 30, na maji yanapomfikia mtumiaji zisipungue 0.2. Kiwango cha juu kwa maji ya kunywa ni miligramu 5 kwa lita. Baadhi ya watu huisikia klorini kuanzia 0.3, chini sana ya kiwango hicho cha juu, kwa hiyo pua yako inaweza kulalamika hali maji yako katika kipimo kinachotakiwa. Isitoshe, harufu ile kali ya bwawa la kuogelea mara nyingi ni ya kloramini, yaani klorini ambayo imekwisha kukutana na uchafu na kupungua nguvu.

Maji mengi ya Nairobi hutoka katika bwawa la Ndakaini, husafishwa Ng'ethu na kuwekewa klorini huko, kisha husafiri makumi ya kilomita kabla ya kufika mitaani. Katika safari hiyo klorini hupungua hatua kwa hatua. Mgao huongeza tatizo jingine, kwa kuwa bomba lisilo na maji halina shinikizo la kuuzuia uchafu ulio nje, na palipo na ufa maji machafu ya mtaroni huweza kufyonzwa ndani. Ndiyo maana mimi huwaambia watu wayaache maji ya mwanzo ya mgao yatiririke kwenye ndoo za kufulia na kupigia deki, kisha ndipo wajaze ya kunywa. Siku ambazo maji yako hayanuki kabisa, Mama Neema, ndizo zinazonitia wasiwasi kuliko zile yanaponuka, hasa yakiwa yamekaa siku kadhaa katika tangi lenye joto juu ya paa.

Naongeza jambo moja kuhusu maji ya maboza, yaani malori ya kubebea maji. Mengi hutoka katika visima virefu, na visima vingi vya Nairobi vina floraidi nyingi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita. Klorini haiipunguzi floraidi hata kidogo, na kuchemsha huizidisha kwa kuwa maji hupungua nayo ikabaki. Kwa mtoto ambaye meno yake ya kudumu yanajengeka, tafadhali uliza maji yametoka wapi.

Mzee wa Kariobangi

Nimesoma kwa makini, na nawaheshimu wote waliotangulia. Hata hivyo, katika nyumba yangu tumechemsha maji miaka yote na hatujawahi kuhitaji kemikali. Nimesikia pia kwamba klorini huleta saratani. Kwa nini tumsumbue mama huyu na vipimo na asidi hali sufuria na moto vinatosha?

Mpima Maji

Mzee wangu, shikamoo. Kuchemsha ni njia nzuri na sitakuambia uiache. Katika jambo moja kunaishinda klorini kabisa. Kwa miligramu 1 kwa lita, katika maji ya vuguvugu, E. coli hufa kabla ya dakika moja kwisha, virusi vya homa ya ini aina ya A huchukua takriban dakika 16, na kimelea kiitwacho Jiadia takriban dakika 45. Lakini Kriptosporidiamu, ambayo husababisha kuhara na huwa ndani ya ganda gumu, huvumilia kipimo hicho kwa zaidi ya siku kumi. Mwaka 1993 kimelea hicho kilipita katika mitambo ya jiji la Milwaukee huko Marekani, na watu wanaokadiriwa kuwa laki nne wakaugua ingawa maji yalikuwa yametiwa klorini. Moto humuua mara moja. Kwa mtoto wa miezi minane, mimi mwenyewe ningechemsha maji yake ya kunywa.

Udhaifu wa kuchemsha huonekana baada ya maji kupoa. Hayana tena kinga yoyote, na kikombe kimoja kilichoshikwa kwa mkono mchafu kikitumbukizwa mtungini, vijidudu vinarudi bila kuzuiliwa. Pia si kila nyumba inayoweza kumudu gesi au makaa ya kuchemshia lita zote zinazotumika kunywea, kuoshea mboga na kupigia mswaki.

Kuhusu saratani, hofu hiyo ina chanzo cha kweli na hupaswi kubezwa. Mwaka 1974 mkemia Johannes Rook wa Rotterdam alionyesha kwamba klorini ikikutana na mabaki ya majani na udongo majini hufanya kemikali za jamii ya trihalomethani, ikiwemo klorofomu. Tangu hapo zimewekewa viwango. Kile cha klorofomu cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 0.3 kwa lita. Dawa yake ni kuondoa matope na mabaki hayo kwanza kwa kutuamisha na kuchuja, ndipo klorini itiwe. Shirika hilo hilo limesisitiza kwamba kuua vijidudu kusilegezwe kwa ajili ya kuzihofia kemikali hizo, nami naliafiki, kwa sababu kuhara kunaweza kumuua mtoto kwa siku chache, na hatari hii nyingine, pale ilipo, ni ndogo na huhesabiwa kwa miaka mingi.

Afisa wa Afya ya Jamii

Mama Neema aliuliza kipimo, na naona bado hakijatajwa.

Kwa maji maangavu, kusudia miligramu 2 za klorini kwa kila lita. Kwa maji yenye ukungu, 4. Mtungi wa lita 20 wa maji maangavu unahitaji basi miligramu 40. Soma kibandiko cha chupa uone asilimia ya klorini, kwa kuwa kila asilimia 1 ni sawa na miligramu 10 katika mililita moja. Dawa ya asilimia 1 utatia mililita 4, ambayo ni pungufu kidogo ya kijiko cha chai. Jik na dawa nyingine za kufulia huwa kali zaidi: yenye asilimia 3.5 inahitaji zaidi kidogo tu ya mililita 1 kwa mtungi mzima, na ni rahisi kukosea kwa kumimina, kwa hiyo napendelea chupa zilizotengenezwa kwa maji ya kunywa, au vidonge, ukifuata maagizo yaliyoandikwa. Ukilazimika kutumia ya kufulia, isiwe na manukato, rangi wala sabuni. Tikisa, funika, subiri dakika 30 nzima kabla ya kunywa. Kama maji yana matope, yaache yatuame na uyachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa kabla ya kutia chochote, kwa sababu vijidudu vilivyojificha ndani ya chembe za udongo havifikiwi.

Ikiwa maji ya mfereji yamefika tayari na klorini ya kutosha, huna haja ya kuongeza. Maduka yanayouza vifaa vya mabwawa ya kuogelea huwa na vipimo vidogo vinavyogeuza maji kuwa ya waridi kulingana na klorini iliyomo. Wapangaji mkichanga, kimoja kitawatosha nyote.

Hifadhi chupa ya dawa mahali penye giza pasipo na joto, kwani hupoteza nguvu inapokaa juani, na mbali na watoto. Usiichanganye kamwe na dawa ya choo yenye asidi. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, ile iliyotumiwa kama silaha ya vita huko Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915, na katika bafu dogo lisilo na dirisha inaweza kukuangusha kabla hujafika mlangoni.

Mama Neema (Kayole)

Nawashukuru sana, hasa Mwalimu kwa ule mfano wa mashine ya figo, ambao nimemsomea mume wangu. Nimebaki na maswali mawili. Mtunzaji wa jengo anasema tangi la paa halijawahi kuoshwa tangu ahamie hapa, tulioshe vipi? Na binti yangu anataka samaki wengine.

Afisa wa Afya ya Jamii

Tangi limwagwe lote, lisuguliwe kwa brashi na maji bila sabuni, na tope la chini litolewe. Anayeingia ndani asiingie peke yake, na asiingie wakati klorini iko humo. Kisha lijazwe maji yenye miligramu 50 kwa lita. Kwa tangi la lita 1,000, hiyo ni gramu 77 hivi za unga wa klorini wa asilimia 65, uliokorogwa kwanza katika ndoo ya maji. Usimwagie maji juu ya unga mkavu. Yakae saa 24 wapangaji wote wakiwa wamearifiwa kwamba hayafai kunywewa, kisha yamwagwe mahali ambapo hayatafika kwenye mto wala bwawa la samaki, na tangi lisuuzwe. Siku za kawaida baada ya hapo, tangi hilo likijazwa maji maangavu yasiyo na klorini, gramu 3 tu za unga huo zinatosha. Mfuniko ufunge vizuri, na bomba la kutolea maji yanayofurika liwekewe wavu ili ndege na panya wasiingie.

Mwalimu wa Kemia

Kuhusu samaki, maduka yanayowauza huwa pia na matone ya thiosalfeti ya sodiamu, ambayo huiondoa klorini papo hapo na huvunja pia kloramini. Bila matone hayo, acha maji katika beseni pana kwa siku nzima, uyakoroge mara kwa mara; klorini ya kawaida itatoka, ila kloramini haitatoka kwa njia hiyo. Kisha msibadilishe maji yote kwa pamoja, bali robo yake, kwa sababu ndani ya chombo kuna bakteria wazuri wanaokula amonia inayotoka kwa samaki, na hao nao klorini huwaua.